Mpishi wa nyumba yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi: tumfundishe chakula cha hapa Punia

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya machimbo. Nataka tuzungumze kuhusu somo moja la shule ya msingi ambalo wengi wetu tulilikariri tukiwa watoto, na watoto wetu wanalikariri hadi leo: somo la vyakula.

Mnalikumbuka. Mwalimu anagawa ubao mafungu matatu: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, na vya kulinda mwili. Anasoma kwa Kifaransa, darasa linaitikia kwa Kifaransa, sauti moja. Katika fungu la kwanza anachora chupa ya maziwa na kipande cha jibini. Katika fungu la tatu anachora pome. Kwa kazi hii ya kutafuta habari nimeingia katika madarasa mengi, hapa mjini na vijijini, na hilo pome nimelikuta ubaoni mara nyingi kuliko papai, wakati mpapai wenyewe umesimama nje ya dirisha, umezaa.

Sina ugomvi na mafungu matatu. Ni ya kweli, na hata muuguzi kwenye kituo cha afya anawafundisha akina mama hayo hayo. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto anatoka pale akijua kwamba chakula bora ni kitu cha wazungu, kinachouzwa Kindu au Goma, na kwamba kile anachokipika mama yake ni chakula cha shida. Anapata alama kumi juu ya kumi, anarudi nyumbani na kudharau sombe.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma zaidi. Mwalimu akitaka kufungua somo, anauliza: nani amekula asubuhi hii? Nyoosha mkono. Umekula nini? Anafanya hivyo kwa nia njema, maana walimu wanafundishwa kuanza na maisha ya mtoto. Lakini tuangalie nani amekaa kwenye madawati sasa. Kuna watoto waliokimbia vita kutoka upande wa Walikale, wengine kutoka Shabunda, wengine wamehama kijiji hadi kijiji ndani ya teritwari yetu wenyewe. Wanalala kwa jamaa zilizowapokea, nyumba ya vyumba viwili wamo watu kumi na zaidi. Wanakula mara moja, jioni. Na watoto wa wenyeji, tusidanganyane, wengi wao nao wanakuja masomo bila kitu tumboni. Ukisikiliza majibu, utafikiri Punia nzima imekunywa chai ya maziwa kwa mkate na mayai. Mtoto anajifunza kusema uongo mbele ya wenzake, ndilo somo la kwanza analolipata siku hiyo. Mama mmoja aliyekimbia alinieleza kwamba binti yake akijua kesho kuna somo la vyakula, anaumwa kichwa tangu jioni.

Swali hilo walimu waliache. Badala yake waulize: nani anajua kupika sombe? Unaanza na nini? Hapo mtaona mikono. Na mikono ya kwanza itakuwa ya wale wale waliokuwa wanainamisha vichwa.

Maana hili ndilo ninalotaka kulisema leo. Tunamfundisha mtoto wa shule ya msingi habari ya chakula kama mtu atakayekuja kupika akiwa mkubwa. Sivyo. Anapika leo. Mama anaondoka saa kumi na mbili kwenda shamba, au amebeba mzigo kupeleka machimboni; baba yuko shimoni wiki ya pili anatafuta kasiterite au dhahabu. Nani anabaki na sufuria? Binti wa miaka tisa, kumi, wa mwaka wa tatu au wa nne. Yeye ndiye anayesonga bugali, ndiye anayemlisha mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, ndiye anayeamua kama kile kipande cha samaki kilichobaki kitaingia kwenye sahani ya mdogo au la. Na katika jamaa zilizokimbia, ambako mara nyingi baba na mama wametengana njiani, nimewaona wavulana nao wameshika mwiko. Vizuri. Wapike.

Mashirika yanapokuja na mafundisho ya lishe, yanaita akina mama. Ni haki. Lakini fundisho linaingia sikio la mama, na mwiko uko mkononi mwa mtoto.

Tena kuna tundu ambalo wachache wanalitazama. Mtoto aliye chini ya miaka mitano anapimwa. Anavalishwa ile kanda ya mkononi yenye rangi: kijani, manjano, nyekundu, ikisoma chini ya sentimita 11.5, anapelekwa kwenye matibabu na anapewa ile karanga tamu ya pakiti, Plumpy'Nut. Kampeni za vitamini A nazo ni za watoto wa miezi 6 hadi 59. Siku anapotimiza miaka mitano, kanda haimhusu tena. Mwaka unaofuata anaingia shule ya msingi, na tangu hapo mtu pekee anayemwona kila siku, nje ya jamaa yake, ni mwalimu. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchini mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe muda mrefu. Watoto wale leo ni wakubwa, wako shuleni au wametoka. Hakuna aliyefunga mlango ule. Wengine wanaingia nyuma yao.

Basi afundishwe nini huyu mpishi mdogo? Nitasema machache ninayoyaona kuwa ya haraka, wengine wataongeza.

Afundishwe mihogo, kabla ya kitu chochote. Mihogo michungu ina sumu, kila bibi anajua, ndiyo maana tunailoweka siku tatu hadi ilainike, halafu tunaianika. Lakini njaa haina subira. Jamaa iliyofika jana haina pipa, haina mahali pa kuloweka, mtoto analia. Siku tatu zinakuwa siku moja. Katika Kwango, magharibi ya nchi yetu, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama, analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitanyooka tena maisha yake yote. Hakuna dawa. Jina hilo ni la Kiyaka, lina maana ya miguu iliyofungwa. Unampata mtu anayekula kwa wiki nyingi mihogo michungu iliyotayarishwa haraka, bila samaki, bila nyama, bila maharagi, kwa sababu mwili unahitaji vyakula hivyo ili kuiondoa sumu. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000 walipatwa wakati wa ukame. Angalieni ni nini kinachouleta: njaa, haraka, na sahani isiyo na mboga ya maana. Vita inaleta vyote vitatu kwa siku moja.

Na iko njia ambayo mtoto wa mwaka wa nne anaweza kuishika. Ilitengenezwa na watafiti wa Australia, na kuanzia mwaka 2010 akina mama wa Popokabaka, huko huko Kwango, walifundishwa, na katika vijiji vyao konzo mpya ilisimama. Unaweka unga wa mihogo ndani ya beseni, unausawazisha, unaweka alama ubavuni pale unga ulipofika. Unatia maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga unashuka; unaendelea kutia maji hadi urudi kwenye alama. Halafu unautandaza juu ya mkeka, mwembamba, usizidi unene wa kidole. Saa mbili kwenye jua, au saa tano kivulini, na sumu inaondoka kwa hewa. Unasonga bugali siku hiyo hiyo. Hakuna cha kununua. Haiondoi kazi ya kuloweka, inaiongezea. Somo hili lingechukua nusu saa chini ya mwembe, na mwalimu wa hesabu angepata ndani yake kipimo, saa na sentimita.

Afundishwe bwaki. Neno hili ndugu zetu waliotoka Kivu wanalijua vizuri kuliko sisi. Madaktari wanaita kwashiorkor, jina walilolichukua katika lugha ya Ga, kule Ghana, ambako daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1930. Wenyeji walikuwa wanasema ni ugonjwa unaomkuta mtoto mkubwa mwingine akizaliwa. Anaachishwa ziwa, anapewa bugali na mchuzi mwepesi, tumbo linajaa kila siku, lakini mwili haupati cha kujengea. Miguu inavimba, mashavu yanavimba, nywele zinageuka rangi, na mtoto hataki kucheza. Jirani anapita anasema: huyu mtoto ameneneka! Dada yake wa miaka kumi, akiwa amefundishwa kubonyeza mguu wa mdogo wake kwa kidole na kuangalia kama shimo linabaki, atajua kabla ya jirani, na atamwambia mama ampeleke kituo cha afya.

Afundishwe kwamba fungu la kujenga mwili liko hapa kwetu. Viwavi vikikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni chakula cha kujenga mwili. Kumbikumbi nao wamo katika fungu hili. Kalanga, maharagi, ndakala, samaki wa Lualaba, yai. Kalanga iliyotwangwa ikitiwa ndani ya sombe, ile sombe inakuwa chakula kingine kabisa. Kuhusu yai, kuna nyumba ambako bado husemwa kwamba mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Nimewajua wezi wengi katika kazi hii, na sikumbuki hata mmoja aliyekamatwa kwa sababu ya mayai ya utotoni.

Afundishwe mawese. Ile rangi nyekundu ndiyo dawa yenyewe. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na inayomsaidia mtoto kushindana na surua na kuhara. Sasa angalieni tunavyofanya: tunayachoma mafuta juu ya moto hadi rangi yote iishe, yawe meupe kama ya dukani, kwa sababu yanaonekana ya heshima. Tunachoma dawa, tunabaki na mafuta. Mtoto akiambiwa hivyo mara moja tu, atamkumbusha mama yake kila jioni hadi mama achoke. Watoto ndivyo walivyo, tuwatumie.

Pia afundishwe biskuti. Machimbo yanaleta pesa, na pesa inaleta maduka. Biskuti, pipi, juisi ya unga ndani ya vipakiti vidogo, vyote vinafika Punia hata pale ambapo dawa hazifiki. Barabara mbaya haijawahi kuizuia pipi. Nimeona mama anauza mayai yake yote asubuhi, na kwa pesa hiyo ananunua biskuti za watoto, kwa upendo kabisa, ili wasijione maskini mbele ya watoto wa wafanyabiashara. Huyo mama hahitaji kuhukumiwa. Anahitaji mtoto anayerudi nyumbani na kusema: mama, bakiza yai moja.

Najua walimu wananisikiliza na wamekunja uso. Wanasema: mwandishi, darasa langu lina watoto wengi kupita kiasi tangu elimu iwe ya bure mwaka 2019, wakimbizi wameongezeka juu yake, mshahara unachelewa au haupo kabisa, na wewe unaniongezea somo. Siwaongezei. Programu ya taifa tayari ina elimu ya afya na mazingira. Saa yake ipo kwenye ratiba. Naomba saa hiyo itumike kwa vitu vya hapa, na kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha zetu za taifa zitumike kufundishia, na sijui mtoto wa mwaka wa pili ambaye atamweleza bibi yake kwa Kifaransa namna ya kutandaza unga.

Pingamizi lingine nimelisikia kwa wazazi, na ni zito. Wanasema: unamfundisha mtoto mwenye njaa habari ya chakula? Mpe chakula. Ni kweli. Kantini ya shule ingekuwa jibu bora kuliko makala yangu, na serikali inayodaiwa elimu ya bure na kifungu cha 43 cha Katiba inadaiwa usalama wa chakula na kifungu cha 47 cha Katiba ile ile. Ni vifungu vinne tu mbele, mtu angeweza kuendelea kusoma. Tutaendelea kuuliza kwenye radio. Lakini jioni ya leo kuna mihogo ndani ya nyumba fulani, iliyolowekwa siku moja, na mtoto wa miaka tisa ndiye atakayeisonga. Yeye hawezi kungoja bajeti ya Kinshasa.

Neno moja kwa jamaa zilizokimbia. Msifikiri kwamba ninyi ni watu wa kufundishwa tu. Wakomo wa Walikale na Wakomo wa Punia ni lugha moja, msitu mmoja; mnajua majani na uyoga ambao watoto wetu wa mjini wamekwisha kuusahau. Wale waliotoka milimani, upande wa Masisi, wanajua maharagi: namna ya kuyachanganya na mahindi shambani, namna ya kuyahifadhi yasitobolewe na wadudu. Na wenyeji tusijivune na mchele wetu wa Maniema kama vile uliota hapa tangu uumbaji. Uliletwa na misafara ya Waungwana waliokaa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, katika nyakati za vita na utumwa, na leo hatuwezi kufikiri harusi bila mchele. Kuna mkimbizi ambaye leo ana gunzi la mbegu ndani ya kitambaa, na hajui amweleze nani.

Amweleze mkuu wa shule. Karibu kila shule yetu ya msingi ina ardhi nyuma ya madarasa ambayo ni majani matupu. Mvua si tatizo huku kwetu. Ninachowaomba wakuu wa shule, inspekta na kamati za wazazi ni kipande kidogo tu: matuta ya lengalenga na matembele, ambayo yanakatwa na kuota tena, kalanga, maharagi, na mipapai kando ya ua. Wazazi waliokimbia na wazazi wenyeji wasimamie pamoja, kwa zamu. Nasema wazazi, kwa sababu shamba la shule la zamani tunalijua sote: watoto walilima, mwalimu alivuna. Kamati iandike kila kikapu kinachotoka, na daftari likae mahali ambapo kila mtu anaweza kulifungua.

Na mavuno ya kwanza yasigawanywe kwa mtu yeyote. Yapikwe pale pale shuleni, juu ya mafiga matatu, wapishi wawe watoto wenyewe, wavulana na wasichana, kila mmoja na sahani yake aliyotoka nayo nyumbani. Halafu mwalimu achukue chaki, afute pome, na achore kilichomo ndani ya sufuria.